Kwa Miguu Hadi Ol Doinyo Lengai

Watu wengi hufika Ol Doinyo Lengai kwa gari. Hutoka Mto wa Mbu asubuhi, hupita Selela na Engaruka kwa barabara ya vumbi iliyokatwakatwa na makorongo, na jioni huwa wameshafika Engare Sero, kijiji kilichojibanza chini ya ukuta wa Bonde la Ufa karibu na Ziwa Natron. Hulala saa chache, huamshwa usiku wa manane, hupanda, hushuka, huondoka. Ukiwauliza wameona nini, watakusimulia mteremko mkali na jua lilivyochomoza. Hawasemi uongo, lakini hiyo ni sehemu ndogo sana ya mlima huu. Mimi niliuendea kwa njia nyingine, ya miguu, kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, na tangu hapo naamini kwamba katika milima yote ya Afrika Mashariki hakuna unaostahili kukaribiwa taratibu kama huu.

Njia hiyo inaanzia Nainokanoka, kijiji cha wafugaji kilicho nyuma ya kreta kubwa ya Ngorongoro. Inapita kando ya Olmoti, inavuka bonde pana la Embulbul, inapanda hadi ukingo wa kreta ya Empakaai, kisha inashuka kupitia Naiyobi mpaka chini kabisa kwenye joto la Natron. Mizigo inabebwa na punda, na punda wanaswagwa na vijana wa Kimaasai wanaojua kila kichaka. Wewe unabaki na fimbo yako na chupa ya maji. Askari wa wanyamapori anatangulia na bunduki begani, kwa kuwa misitu ya huko ina nyati.

Kuna baridi Nainokanoka. Asubuhi ukungu unalala juu ya malisho, na unasikia kengele za ng'ombe kabla hujawaona ng'ombe wenyewe. Jua likishapanda, ukungu unaachia ghafla na mbele yako linafunguka bonde la Embulbul, majani matupu bila mti, pundamilia na ng'ombe wakila pamoja wala hakuna anayemshangaa mwenzake. Kulivuka ni kutembea bila kupungukiwa pumzi, na ndiyo maana nalipenda. Mwanzo wa safari ya mlimani unapaswa kuwa hivi: miguu ipate mazoea, kifua kizoee hewa nyembamba, na akili iachane na mambo ya mjini.

Empakaai ni jambo jingine. Unapanda msituni, katika miti mikubwa iliyoning'inia ndevu za kijivu, mpaka unatokea ukingoni na kuona ziwa chini, duara la maji ya kijani yaliyokoza ndani ya kuta za msitu. Kreta hiyo ina upana wa kilomita 6 hivi. Njia ya kushuka ni kali na ina utelezi, lakini sikubaliani na wanaoishia juu wakapiga picha wakaondoka. Ukifika chini unasikia heroe kabla ya kuwaona, na unaona ufuko wa matope yenye chumvi, maana hata ziwa hili la milimani lina magadi. Ni dokezo la kwanza la yale yatakayokuja.

Asubuhi kwenye ukingo wa upande wa mashariki ndipo Lengai ilipojitokeza kwangu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa chini yetu, jambo ambalo sikulitarajia kuhusu mlima wenye mita 2,962. Kutoka Empakaai unautazama kwa juujuu: pembetatu ya kijivu iliyochongoka, ubavu wake umechanjwa mifereji kuanzia kileleni hadi kwenye kitako, na kipara chake ni cheupe. Kushoto ilikuwepo Natron, ikimetameta. Ng'ambo ulisimama Gelai, mpana na mweusi, na upande wa kulia Kerimasi na Kitumbeine. Mbali kabisa, juu ya utusitusi wa nyika, Kilimanjaro ulionyesha kichwa chake kwa dakika chache, kisha mawingu yakaufunika.

Ukisimama mahali hapo fahamu kwamba kila mlima unaouona ni volkano. Ngorongoro, Olmoti, Empakaai uliyosimama juu yake, Loolmalasin, Kerimasi, Gelai, Kitumbeine: zote zilitema moto zamani, na baadhi zikabomoka katikati zikaacha hizo kreta tunazozitembelea leo. Zote hizo zimepoa. Iliyobaki hai ni Lengai peke yake, nayo ndiyo changa kuliko zote. Wanajiolojia wanakadiria kwamba umri wake haufiki miaka 400,000, wakati majirani zake wengine wamepita miaka milioni moja.

Chanzo cha yote ni Bonde la Ufa. Hapa ganda la dunia linavutwa pande mbili, mashariki na magharibi. Linakonda, linapasuka, na kipande cha katikati kinadidimia. Ukuta wa magharibi unaouona ukishuka mita mia kadhaa hadi Natron ndio ukingo wa mpasuko huo. Mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory, aliyesafiri Afrika Mashariki mwaka 1893, ndiye aliyewaeleza wenzake kwamba mabonde haya hayakuchimbwa na mito bali yalitokana na ardhi kuzama katikati ya nyufa, na tawi hili la mashariki bado linaitwa kwa jina lake. Lengai imeota penye kitako cha ukuta huo huo, mahali ambapo nyufa zinaipa magma njia ya kupanda.

Wala ardhi hiyo haijatulia. Julai 2007 mitetemeko mfululizo ililitikisa eneo la Gelai. Mkubwa kuliko yote, wa tarehe 17, ulifikia kipimo cha 5.9, na watu waliusikia hadi Arusha na Nairobi. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Septemba, Lengai ililipuka, na milipuko ikaendelea hadi mwaka uliofuata. Kijana aliyekuwa akiwaswaga punda wetu alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Anachokumbuka ni majivu yaliyotua juu ya majani, na wazee wakiamua usiku kuhamisha mifugo. "Ng'ombe hawezi kula majani yenye mchanga, dada," aliniambia. "Meno yanaisha, tumbo linauma. Tuliondoka wote, tukarudi mvua ilipoosha."

Naiyobi ni kijiji cha mwisho kabla ya kushuka bondeni. Tulipumzika hapo chini ya mgunga, na mama mmoja mtu mzima, shanga zimemjaa shingoni, akaja kutuangalia. Nilimwamkia, "Shikamoo, yeyo."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda kwa Engai?"

"Nakwenda mlimani, yeyo."

"Ni hukohuko."

Kwa Wamaasai mlima huu ni makao ya Mungu, wanayemwita Engai, na jina lake linasema hivyo wazi. Mama yule alinieleza bila haraka, kijana akimsaidia pale Kiswahili kilipompungukia, kwamba ukame ukizidi wazee huenda chini ya mlima na kondoo kuomba mvua, na kwamba wanawake ambao hawajajaliwa watoto nao huenda kuomba. Aliniuliza kama nina watoto. Nilipomwambia ninao, alifurahi na kusema basi niende nikashukuru. Engai wanayemwomba ana hali mbili, ya weusi wa mawingu ya mvua, ambayo ni hali ya wema, na ya wekundu, ambayo ni hali ya ghadhabu. Mtu anayeishi chini ya mlima unaotoa moshi, na ambaye malisho yake yanategemea mvua inayonyesha kwenye milima hiyo hiyo, hana haja ya kufundishwa theolojia hiyo. Nimepanda milima ambayo watu wa chini yake wanaitazama kama chanzo cha kipato tu. Hapa nilijisikia naingia nyumbani kwa mtu, na nilipunguza sauti.

Kutoka Naiyobi dunia inabadilika kila saa unayotembea. Majani yanafupika, udongo unageuka kutoka mweusi kuwa kijivu, kisha unakuwa majivu matupu yanayopenya kwenye buti. Baridi inabaki nyuma, na ukifika katikati ya mteremko joto linakupiga usoni. Lengai, uliyoitazama kwa juu asubuhi, sasa inapanda, na inaendelea kupanda kila unaposhuka, mpaka jioni unakuwa umelala kwenye kitako chake na lazima uinue kichwa kuona kilele. Mageuzi hayo ya kimo, kutoka kuutazama mlima kwa juu hadi kuwa mdogo chini yake, huyapati kwa gari. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya safari nzima, kuliko hata kileleni.

Sasa niseme habari ya jiwe lenyewe, maana hilo ndilo linaloufanya mlima huu usiwe na mwenzake duniani.

Kila aliyewahi kupika makande au maharage magumu anayajua magadi. Chembe kidogo tu na maharage yanalainika. Lava inayotoka Lengai ni jamaa wa karibu wa magadi hayo, ikiwa imeyeyuka na kuchemka. Volkano nyingine zinazotema moto duniani leo hutoa lava yenye silika nyingi, ile ile asili ya mchanga na kioo, na joto lake, kwa mfano kule Nyiragongo juu ya mji wa Goma, hukaribia au kupita nyuzi 1,000. Lava ya Lengai ina silika kidogo mno. Imejaa kabonati za sodiamu, potasiamu na kalisi, na inatoka ikiwa na joto la kati ya nyuzi 500 na 600 hivi. Wataalamu huiita natrokabonatiti. Kwa kuwa joto ni dogo, mchana haiwaki nyekundu. Ni nyeusi au ya kahawia, na wekundu hafifu unaonekana usiku tu. Tena ni nyepesi kuliko lava yoyote inayojulikana, inatiririka na kuchuruzika mahali ambapo lava ya kawaida ingejivuta.

Inapopoa, maajabu mengine yanaanza. Ikiguswa na unyevu wa hewa au mvua inabadilika, na katika saa au siku chache weusi unageuka kijivu, kisha mweupe. Ule weupe kileleni, ambao mgeni akiuona kutoka mbali hudhani ni theluji, ni lava iliyochakaa.

Kwa muda mrefu wanasayansi walibishana kama mwamba wa kabonati unaweza kweli kutoka tumboni mwa dunia ukiwa umeyeyuka. Mwaka 1960 J. B. Dawson, mwanajiolojia aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika, alifika ndani ya kreta ya Lengai na kuona lava hiyo, na makala yake ya mwaka 1962 ikauonyesha ulimwengu kwamba jambo hilo linatokea mbele ya macho. Tangu hapo kila kitabu kikubwa cha elimu ya volkano duniani lazima kiutaje mlima wetu. Madini mawili makuu yanayoiunda lava hiyo yana majina ya watu. Moja ni gregoriiti, kwa heshima ya yule Gregory wa Bonde la Ufa. Jingine ni nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Yote mawili huyeyuka kwenye maji, hivyo mwamba wa leo wenye jina la Mwalimu mvua ya masika huuvunja, na mlima unatengeneza mwingine. Habari hiyo inastahili kusomwa na kila mtoto wa shule Tanzania, na nimewauliza wengi bila kumpata anayeijua.

Lakini mtu asidhani mlima mzima ni magadi. Sehemu kubwa ya mwili wake ni miamba ya kawaida zaidi ya volkano, fonoliti na nefelinaiti, ambayo ina silika. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba chini kule magma inapopoa inagawanyika aina mbili, ya silika na ya kabonati, kama mafuta yanavyojitenga na maji. Aina ya kabonati inapotoka peke yake, mlima unakuwa mpole na lava inachuruzika kreta ikijaa kidogo kidogo. Magma mpya yenye silika inapopanda na kukutana na kabonati iliyo juu, gesi ya kaboni dayoksaidi inafumuka kwa wingi, na hapo mlima unalipuka. Ndivyo wataalamu wanavyoieleza milipuko mikubwa ya 1917, 1940, 1966 na ile ya 2007. Upole na ghadhabu, vyote katika shimo moja. Nilimkumbuka yule mama wa Naiyobi.

Tuliondoka kupanda usiku wa manane. Hakuna namna nyingine. Mchana hakuna kivuli wala tone la maji mlimani, na jua likikukuta katikati ya mteremko linakumaliza. Kutoka mahali njia inapoanza hadi ukingo wa kreta kuna mita 1,600 hivi za kupanda, na mlima huu hauna kona za kupumzishia miguu. Njia inaanza kwenye majani marefu, inaingia kwenye majivu yaliyogandamana, kisha inafuata mgongo katikati ya makorongo mawili na kwenda juu moja kwa moja. Kwa saa za mwanzo unachokiona ni mviringo wa mwanga wa tochi yako na visigino vya aliye mbele. Kiongozi wetu, kijana wa Engare Sero aliyevaa viatu vya matairi na shuka, aligeuka mara moja tu nilipoanza kubabaika. "Dada, usitazame juu. Tazama miguu yangu."

Nikatazama miguu yake. Alikuwa anaweka unyayo wote chini, polepole, hata pale ambapo mimi ningenyata kwa vidole, na akibadilisha upande wa fimbo kila mteremko ulipobadilika. Nilimuiga, na pumzi ikarudi. Baadaye alinionyesha kwamba majivu yaliyoganda yanashika vizuri kuliko mwamba, na kwamba mwamba mweupe wa juu hauaminiki, kwa kuwa magadi yameuozesha. Ukiushika unamomonyoka mkononi. Mtu akitaka kujua jiolojia ya Lengai kwa vidole vyake, aupande usiku.

Karibu na alfajiri mteremko unazidi ukali, na kwenye sehemu ya mwisho unapanda kwa mikono na miguu katika mfereji wenye kuta nyeupe. Harufu ya kiberiti inaanza kukwaruza koo. Ardhi ina joto, si la jua, linatoka chini, na penye nyufa mvuke unatoka. Kisha mteremko unaisha ghafla na uko ukingoni.

Kabla ya 2007 watu waliingia kreta ya kaskazini wakatembea juu ya sakafu yake. Kuanzia 1983 lava ilikuwa ikijaa humo polepole, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaanza kumwagika nje juu ya ukingo. Milipuko ya 2007 na 2008 iliiharibu sakafu hiyo yote, ikajenga koni mpya ya majivu na kuacha shimo lenye kina cha zaidi ya mita 100. Leo unasimama kwenye ukingo mwembamba na kutazama chini. Ilipoanza kupambazuka niliona sakafu ya kijivu na nyeupe, na katikati yake vikoni vilivyosimama wima, kimoja kikirusha matone meusi. Sauti ilifika juu ikiwa imechelewa, mlio wa kitu kinachochemka na kupasuka. Hakuna aliyezungumza. Kiongozi alituonyesha kwa kidole mahali ukingo ulipopasuka, tusikanyage.

Nilipogeuka kutazama magharibi niliuona upepo ukifanya kazi yake. Mvuke wa mlima ulikuwa ukisukumwa kutoka mashariki, unapita juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, unaelekea uwanda wa Salei, Olduvai na Serengeti. Majivu ya Lengai yamesafiri njia hiyo kwa maelfu ya miaka. Karibu na Olduvai kuna tuta la mchanga mweusi wenye madini ya chuma, asili yake ni volkano hii, linalohama mwaka hadi mwaka kuelekea magharibi. Mbele zaidi majivu yameirutubisha ardhi ya kusini mwa Serengeti, na kalisi yake imegandamana chini ya udongo ikawa tabaka gumu ambalo mizizi ya miti hailipenyi. Ndiyo maana kuna majani mafupi matupu hadi upeo wa macho. Majani hayo yana kalisi na fosforasi anayohitaji nyumbu mwenye mimba na mwenye kunyonyesha, na kila mwaka, kati ya Januari na Machi, nyumbu kwa malaki huenda kuzalia hapo. Mgeni anayelipa fedha nyingi kuona ndama wa nyumbu akisimama kwa mara ya kwanza anaangalia kazi ya mlima ulio mbali, ambao pengine hajawahi kuusikia.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, na hilo nalisema kwa kila anayefikiri kwamba kilele ndio mwisho wa kazi. Sasa unauona mteremko wote uliopanda gizani. Magoti yanatetemeka, changarawe zinateleza chini ya buti, na mahali pengi ni afadhali kukaa na kujisogeza kwa mikono. Glovu nzito si anasa hapa. Lakini mchana unakuonyesha mengine: mbuzimawe wawili wamesimama juu ya jabali, makorongo yamechonga majivu tabaka kwa tabaka, kila tabaka mlipuko wake, na Natron chini, nyekundu upande mmoja na nyeupe upande mwingine.

Engare Sero haifai kupitwa haraka. Mto wake unatoka katika ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa na maji baridi, ya kunyweka, na unaweza kuufuata ndani ya korongo lake, ukivuka maji kwa miguu, chini ya mikindu na kuta zinazotoa chemchemi, hadi kwenye maporomoko. Baada ya vumbi la mlima sina neno la kuyaelezea maji yale. Saa moja mbele maji hayo hayo yanaingia Natron, ziwa lisilo na mto wa kutokea, ambalo jua linalikausha na kuacha magadi. Maji yake yanachoma ngozi, na kwa sababu hiyo hiyo wanyama wakali hawawezi kuyafikia matuta ya matope ambayo heroe wadogo hujengea viota. Ndilo ziwa pekee ambalo heroe hao wa Afrika Mashariki huzaliana kwa kawaida. Bonde lake liliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Kusini mwa ziwa, kwenye matope ya majivu yaliyotoka Lengai na kuganda, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400. Mwenyeji wa hapo ndiye aliyezigundua, watafiti wakaja baadaye. Wanakadiria kwamba ziliachwa kati ya miaka 19,000 na miaka 6,000 iliyopita. Walipopima ukubwa wa nyayo na urefu wa hatua, waliona kundi la watu 17 waliokwenda pamoja upande mmoja kwa mwendo wa kawaida, na wanaamini kwamba wengi wao walikuwa wanawake wazima, labda katika shughuli ya kutafuta chakula. Nilisimama pembeni kwa muda mrefu. Kuna unyayo ambao kidole gumba chake kimezama zaidi ya vingine, na kuna mahali mmoja alipita juu ya alama za aliyemtangulia. Wanawake wale walikuwa wakitembea mahali nilipotembea mimi, mlima ule ule ukiwa mbele yao au mgongoni mwao.

Nyayo hizo zinamomonyoka. Maji ya mvua na mchanga unaopeperushwa vinazilamba kila mwaka, na mtu mmoja mzembe anaweza kumaliza kwa buti kilichodumu miaka maelfu. Usizikanyage, wala usimruhusu mwenzako azikanyage, hata kwa ajili ya picha.

Kwa Watanzania na Wakenya wenzangu nina ombi. Njiani nilikutana na Wajerumani, Wafaransa na Wacheki. Sikukutana na msafiri hata mmoja wa kutoka Dar es Salaam, Dodoma au Mombasa. Mlima huu uko safari ya siku moja kutoka Arusha, na hauna wa kufanana nao popote. Nendeni. Nendeni kati ya Juni na Oktoba, makorongo yakiwa makavu. Mkiweza, anzieni Nainokanoka na mshuke kwa miguu. Bebeni maji mengi kuliko mnavyodhani mtahitaji, rudini na takataka zenu, na mnapoukaribia mlima punguzeni sauti, kwa kuwa wapo wanaousalia. Chukueni kiongozi wa Engare Sero, mlipeni haki yake bila kumpunja, na usiku ule akisema mrudi, rudini.